Namna ya Kutia Unga Kwenye Kahawa ya Mzee Bila Kuharibu Kahawa Wala Mzee

Anza kwa kutazama kikombe kabla hujafungua kopo la unga wa virutubisho. Mzee wa pwani anakunywa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na kinaisha kwa mafunda matatu au manne. Maelekezo ya kopo yanasema chota gramu 20 au 30 za unga, koroga kwenye kahawa, kunywa. Gramu 30 ndani ya kikombe hicho hazitoi kahawa. Zinatoa tope la moto, na mzee mwenye adabu zake atakushukuru, atasubiri ugeuke, kisha atalimwaga chini ya mwarobaini. Walioandika maelekezo yale walikuwa na kikombe kingine mezani, kile kikubwa cha Marekani kinachobeba robo lita na zaidi. Kwa hiyo kahawa ya kijiweni isiguswe kabisa. Tangawizi ruksa, iliki ruksa, kashata ruksa kwa asiye na kisukari. Kama upo unga wa kutiwa, utiwe nyumbani, kwenye kikombe cha asubuhi, na mwenye kikombe awe ameambiwa ni nini na amekubali. Kumtilia mtu mzima kitu kinywani kwa siri, hata kwa nia njema, ni kumvunjia heshima. Na akiwa anatumia dawa ni kumhatarisha.

Halafu uliza kopo limeingilia mlango gani. Mlango wa kwanza ni sanduku la ughaibuni. Mtoto yuko Minneapolis, hawezi kuja Tanga kila mwezi kumpikia mama yake, kwa hiyo anatuma kinachoweza kusafiri, nacho ni kopo kubwa lenye picha ya bibi wa Kizungu anayekimbia ufukweni. Mshukuru kwa dhati, kisha mpigie simu umwambie mama anakula nini na hali nini, kwa sababu mara nyingi hilo ndilo asilolijua. Mlango wa pili ni simu ya mzee mwenyewe, ambako video moja inazaa nyingine mpaka saa sita za usiku.

Mlango wa tatu ni jirani aliyejiunga na biashara ya mtandao. Huyu anakuja na salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Magoti yanaendeleaje, bibi?"

Hakuna mwanamke wa miaka sabini atakayejibu swali hilo kwa neno moja. Kabla hajamaliza habari za goti la kushoto, pakiti imekwisha kufunguliwa na maji yako jikoni yanachemka. Muuzaji anasema unga wake unasaidia presha, kisukari, magoti, macho, usingizi, usahaulifu na nguvu za babu. Mwenye orodha ndefu hivyo hajui unga wake unafanya nini, na hilo ndilo jambo la hakika pekee alilokufahamisha. Muulize taratibu: umesajiliwa wapi? Kamisheni yako ni kiasi gani kwa kila kopo? Bibi akidhurika, nani atalipia hospitali? Usimfokee, maana naye mara nyingi ni kijana aliyekopa fedha kununua mzigo na anahitaji kuurudisha. Lakini zingatia jambo moja alilolifanya vizuri kuliko sisi wenye nyumba: alikaa chini, akamuuliza bibi magoti, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Muulize wewe kesho asubuhi, na biashara yake itadorora palepale.

Sasa geuza kopo usome mgongoni. Upande wa mbele ni tangazo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1994 inayosimamia virutubisho vya nyongeza haimlazimishi mtengenezaji kupata idhini ya serikali kabla ya kuuza. Anayetaka kudai kwamba bidhaa yake inasaidia viungo au moyo anatakiwa kuandika pia, kwa herufi ndogo, kwamba dai hilo halijapimwa na mamlaka na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Kwa hiyo usemi wa "limetoka Marekani" hauthibitishi kwamba mtu amelikagua. Kwetu Tanzania, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, iligeuzwa kuwa TMDA mwaka 2019, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na usimamizi wa vyakula ukahamia shirika la viwango, TBS. Kopo lililopita kwenye sanduku la nguo halikupita kwa yeyote kati ya hao.

Unga unaopendwa zaidi kwa kahawa ni kolajeni, kwa sababu hauna ladha kali na unayeyuka upesi kwenye kitu cha moto. Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na gegedu za viungo. Kiwandani huchukuliwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, au ngozi na magamba ya samaki. Huchemshwa, kisha kolajeni inayotoka hukatwakatwa kwa vimeng'enya mpaka vipande vyake vinakuwa vifupi mno kushikana tena. Ndiyo maana kahawa haigandi. Sisi tunayo kolajeni nyingine, ya alfajiri, kwenye mabanda ya supu: makongoro. Miguu ya ng'ombe ikichemka usiku kucha, kolajeni inalegea na kuingia kwenye mchuzi; supu ikipoa inaganda sufuriani, na kule kuganda ndiko kunakoonyesha kwamba imo.

Muuzaji atakuambia kolajeni ikinywewa inakwenda gotini. Tumbo halina anwani ya goti. Linaimeng'enya kuwa asidi amino na vipande vidogo vidogo, na mwili unavipeleka unakotaka. Zipo tafiti zilizoonyesha nafuu kidogo ya maumivu ya goti na ngozi yenye unyevu zaidi, na nyingi kati yake ziligharamiwa na wenye viwanda, kwa hiyo nazipokea kwa tahadhari. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba kolajeni haina kabisa triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na leusini inayouamsha msuli ni chache ndani yake. Mzee anayekunywa kolajeni na kuamini kwamba ameshapata protini ya siku anajinyima. Usiihesabu kwenye hesabu ya chakula. Na kwa familia za Kiislamu, soma asili yake: kopo likiandikwa bovine ni ng'ombe, marine ni samaki, porcine ni nguruwe, na lisiloandika chochote liulizwe au lirudishwe.

Kwenye makopo ya "nywele, ngozi na kucha" hapo ndipo pa kusimama. Mengi yamechanganywa biotini, vitamini ambayo mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 30 kwa siku, na kopo linaweza kumpa maikrogramu 5,000 au 10,000. Kiasi hicho hakimuumizi tumbo wala hakimpi homa, na hapo ndipo hatari ilipojificha, kwa sababu kinavuruga majibu ya maabara. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba biotini nyingi katika damu inaweza kukifanya kipimo cha troponini, kile kinachotumika kutambua shambulio la moyo, kisome chini kuliko hali halisi. Na ilieleza kwamba ilipokea taarifa ya mgonjwa aliyefariki baada ya kipimo chake kusoma hivyo. Vipimo vya tezi ya thairoidi navyo vinaweza kupotoshwa. Fikiria mzee anafikishwa mapokezi usiku kifua kikimbana, na hakuna anayekumbuka kutaja unga wa kucha. Andika jina la kopo hilo kwenye kadi yake ya kliniki leo.

Unga wa protini ya maziwa, ule ambao vijana wa mazoezi wanauita whey, una sifa bora zaidi kwa misuli. Unatokana na majimaji yanayobaki jibini inapotengenezwa, na kijiko cha gramu 30 huwa na protini ya gramu 20 hadi 25, iliyokamilika. Tabu yake ni moto. Ukiutupa kwenye kahawa inayofuka unafanya madonge, maana protini zake zinaanza kubadilika umbo joto likifikia karibu nyuzi 70. Madonge hayo hayana sumu na lishe yake haijapotea, kama yai lililochemshwa lisivyopoteza lishe, lakini mzee mwenye meno machache hataki kahawa ya kutafuna. Koroga unga kwanza kwenye maziwa au maji baridi mpaka ulainike, kisha mimina kahawa iliyopoa kidogo, taratibu, ukiendelea kukoroga. Kama mzee hutokwa na gesi na kuharisha akinywa maziwa, unga huu wa kawaida utamfanyia hivyo hivyo, kwa kuwa una laktosi. Na mwenye figo zilizodhoofika, asiye kwenye mashine ya kusafisha damu, asiongezewe protini hata kijiko kimoja bila daktari wake kusema, kwa sababu wengi wao huambiwa waipunguze.

Kreatini nayo inayeyuka vizuri, na ina ushahidi mzuri kwa anayefanya mazoezi. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Ila inapandisha kreatinini kwenye damu, kipimo ambacho daktari anakitumia kukadiria kazi ya figo, kwa hiyo daktari asiyeambiwa ataona ugonjwa usiokuwepo. Unga wa mafuta ya mnyororo wa kati, yanayotolewa kwenye nazi na mbegu za mchikichi, unasifiwa kwa kuamsha ubongo. Kitu unachoamsha bila shaka ni utumbo. Mzee asiyependa kukimbilia msalani asianze na vijiko viwili.

Kahawa ya uyoga, ile ya lingzhi inayouzwa kwenye pakiti ndogo ndogo, isome kwa mpangilio wa viambato, maana kinachotangulia ndicho kilicho kingi. Pakiti nyingi za mchanganyiko wa namna hiyo zinaanza na sukari na krima, halafu kahawa, na uyoga wenyewe unakuja nyuma ukiwa umechoka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalitazama majaribio ya uyoga huo kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili na hayakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa kupunguza hatari za moyo. Wakati huo huo unaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa na damu kwa anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Mtu mwenye kisukari anauziwa sukari kwa jina la tiba ya kisukari. Hilo linanikera kuliko mengine yote katika biashara hii.

Tusiwacheke wageni peke yao, maana na sisi tuna unga wetu. Glukosi ya kopo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa zawadi ya kumtembelea mgonjwa, ni sukari tupu, na mgonjwa wa kisukari aliyekorogewa vijiko vinne ameongezewa ugonjwa na wageni wake. Mlonge ni mti wa heshima na majani yake makavu yana protini, kalisi na madini ya chuma, lakini kuutia kwenye kahawa ni kuupoteza, kwa kuwa kahawa yenyewe inazuia chuma cha mimea kufyonzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba kikombe kimoja cha kahawa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuzuia; iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia vile vile. Kwa hiyo mlonge uende kwenye mchicha au mchuzi wa kunde, na kahawa itangulie. Anayetumia vidonge vya kisukari amwambie daktari wake, kwani mlonge unaweza kushusha sukari zaidi. Na anayetumia warfarini vivyo hivyo, kwa ajili ya vitamini K iliyo kwenye majani. Ubuyu nao uachwe ulipo. Uchachu wake unakata maziwa kwenye kikombe, na moto unaiharibu vitamini C. Tengeneza juisi ya ubuyu, mzee ainywe na maharage yake, na hapo vitamini C itausaidia mwili kufyonza chuma cha maharage.

Upande wa dawa, usiku mmoja wa kupanga saa utawaokoa wengi. Mzee anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi anameza kidonge kwa maji, tumbo likiwa tupu, kisha anasubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kahawa, kwa sababu kahawa inapunguza dawa inayofyonzwa. Unga wenye kalisi au chuma usubiri saa nne. Andika saa hizo kwenye karatasi, ibandike mlangoni pa kabati, na anayemhudumia mzee aonyeshwe kwa kidole.

Kahawa yenyewe haina kesi ya kujibu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2017 yalikuta kwamba wanaokunywa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku hawana hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wasiokunywa, bali ndogo zaidi. Hata hivyo, tafiti za kutazama watu tu haziwezi kuthibitisha kwamba kahawa ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba kafeini ya hadi miligramu 400 kwa siku haileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya. Ila kafeini inachukua kama saa tano kupungua kwa nusu, kwa hiyo kahawa ya saa kumi alasiri bado iko kazini saa tatu usiku, na mzee anayelalamika kwamba halali asipewe kwanza unga wa usingizi. Asogezewe kahawa asubuhi. Mwenye kolesteroli ya juu achujiwe kwa karatasi, kwani kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ina mafuta yanayoipandisha.

Tuje kwenye swali ambalo kopo linadai kulijibu: nguvu za mzee zinarudi vipi? Swali hili liliulizwa kwa uangalifu mkubwa huko Boston. Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, dhaifu, wastani wa umri wao miaka 87, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo katika New England Journal of Medicine. Kundi moja lilifanya mazoezi mazito ya miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi. Kundi la pili lilipewa kinywaji cha virutubisho kila siku. La tatu lilipewa vyote viwili, na la nne halikupewa chochote kati ya hivyo. Waliofanya mazoezi nguvu za misuli yao ziliongezeka kwa asilimia 113. Wasiofanya, asilimia 3. Mwendo wa kutembea uliongezeka kasi kwa karibu asilimia 12 kwa wenye mazoezi, na uwezo wa kupanda ngazi ukaongezeka pia. Kinywaji peke yake hakikuongeza nguvu, wala mwendo, wala ngazi.

Rudia kusoma umri huo: miaka 87. Hawa si wastaafu wapya wanaocheza mpira na wajukuu. Ni watu ambao kwetu tungekuwa tumeshawakataza kusimama, tunawaletea kila kitu mkekani, tunawashika mikono hata kwenda msalani, na tunaita huko ni kuwatunza. Tunampumzisha mzee mpaka miguu inamkatalia, kisha tunaagiza kopo.

Basi kahawa ikishanywewa, fanya hivi. Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, mzee akae, kisha asimame bila kutumia mikono akiweza, au kwa kushika meza asipoweza. Akae tena polepole. Mara tano, apumzike, mara tano nyingine. Wiki zikienda aongeze, na kazi ikiwa nyepesi mno abebe mfuko wenye kilo moja ya mchele. Asimame kwa mguu mmoja akishika ukuta. Kifua kikimbana au kizunguzungu kikija, aache na aonwe na daktari. Na mwenye ugonjwa wa moyo aulize kabla ya kuanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Hakuna kamisheni kwenye kiti, na nina hakika ndiyo sababu hakuna jirani anayebisha hodi kukiuza.

Misuli inayofanya kazi inadai matofali, na hapo ndipo protini inapoingia kwa haki. Jopo la wataalamu wa kimataifa lililojulikana kama PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu aliyevuka miaka 65, mwenye figo nzima, apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Piga hesabu ya sahani ya nyumbani. Mayai mawili, gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Glasi ya maziwa au mtindi, 8. Kipande cha samaki cha gramu 100, zaidi ya 20. Ongeza ya kwenye ugali na karanga chache, umefika. Sasa tazama anachokula kweli: chai ya rangi na andazi asubuhi, wali na mchuzi mchana, chai na mkate usiku kwa sababu "wazee hawali usiku". Pengo liko hapo, na kopo la kolajeni halilizibi.

Kuna mzee ambaye hesabu hii haimtoshelezi: aliyepoteza meno, aliyetoka kuugua, anayeshiba kwa vijiko vitatu. Huyu unga wa protini ya maziwa unaweza kumsaidia, na simnyimi. Ila msaidie pale ambapo unga una nafasi ya kukaa, yaani kwenye uji. Pika uji wa ulezi, usage karanga ndani yake, epua, uache upoe kidogo, kisha ukoroge unga uliolainishwa kwa maziwa baridi. Hakuna madonge, na bakuli ina nafasi ya gramu 30 bila kugeuka tope. Kahawa ibaki kahawa, kitu cha kunywa na wenzake huku wakibishana siasa, na kule kutembea kwenda barazani kuhesabiwe kuwa sehemu ya tiba.

Jambo moja halihitaji unga wala uji, linahitaji mizani. Mpime mzee kila mwezi. Akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3, kuna sababu na inatafutwa hospitali: kifua kikuu, kisukari, saratani, meno, huzuni ya kufiwa. Nimeona familia zikimnywesha mzee makopo kwa miezi huku nguo zikimpwaya, zikisema anaimarika. Hapo kopo lilikuwa linaiba muda wa matibabu.

Siku ya kliniki, tia kwenye mfuko makopo yote, pakiti zote, mlonge wa sokoni na glukosi ya kabatini, uvimwage vyote mezani kwa daktari au mfamasia, hata vile ambavyo mzee anaona haya kuvitaja. Na kama unaishi na mwenye kisukari, presha, moyo au figo, nakuomba usimwachishe kidonge hata kimoja kwa ushuhuda wa mtu mwenye kopo la kuuza.